SEO ya kuwapata wateja wa kibiashara: maana yake na inavyofanya kazi

Mtu akisema anafanya SEO, kwa kawaida anamaanisha kazi ya kuiweka tovuti sawa ili Google iionyeshe juu pale mtu anapotafuta jambo, bila kulipia tangazo. Hiyo ndiyo maana pana. Ndani yake ipo kazi yenye lengo finyu zaidi: kumpata mtu mwenye haja ya kununua, na kumfanya apige simu, ajaze fomu au atume ujumbe wa WhatsApp. Mtu huyo aliyejitokeza mwenyewe na kuacha njia ya kupatikana ndiye anayeitwa mteja mtarajiwa. Hajanunua bado, lakini si mpita njia tena.

Mnunuzi akiwa ni kampuni, mambo hubadilika. Anayetaka viatu vya mtoto anatafuta, anaona bei, analipa kwa simu, yameisha. Kampuni inayotafuta wa kuitolea mzigo bandarini haiendi hivyo. Anayeandika kwenye Google ni afisa ununuzi au karani, anayeamua ni mkurugenzi, na mhasibu naye hatoi hela mpaka aone TIN, ankara na mkataba. Kati ya siku ya kutafuta na siku ya kulipa zinaweza kupita wiki kadhaa. Ndiyo maana tovuti ya biashara ya namna hii haiuzi papo hapo. Inafungua mazungumzo tu, na mauzo yanakuja baadaye kwenye simu, kwenye baruapepe, au ofisini.

Tumchukue wakala wa forodha wa Dar es Salaam. Wateja wake wengi hawako Dar. Wako Lubumbashi, Lusaka, Kigali na Bujumbura, na mizigo yao inashukia Dar kwa sababu nchi zao hazina bahari, au kama ilivyo kwa Kongo, bahari iko upande wa pili kabisa wa nchi. Watu hawa hawapiti Mtaa wa Samora kuona bango la ofisi. Wanauliza wenzao, na wanatafuta Google.

Sasa fungua tovuti za mawakala wengi. Kuna Nyumbani, Kuhusu Sisi na Huduma Zetu, na kwenye Huduma Zetu kumeandikwa kwamba kampuni inatoa huduma bora zenye viwango vya kimataifa kwa weledi na uaminifu. Hakuna binadamu anayeandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwenye kontena la futi 40 lenye mashine za kwenda Lubumbashi anaandika kitu kama "gharama ya kusafirisha kontena Dar es Salaam hadi Lubumbashi". Mwenzake aliyesoma kwa Kifaransa anaandika "transitaire Dar es Salaam Lubumbashi". Wa Lusaka ataandika kwa Kiingereza, na wa Kigali unaweza kumkuta kwenye lugha yoyote kati ya hizo. Wakala asiye na ukurasa hata mmoja wa Kifaransa, na robo ya mizigo yake inakwenda Kongo, anaacha hela mezani bila kujua.

Google yenyewe inafanya kazi kwa hatua tatu. Roboti yake, yaani programu iitwayo Googlebot, inapita kwenye kurasa ikifuata viungo (link) vinavyotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Ilichokisoma kinaingizwa kwenye faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa ambazo Google inazijua. Mtu akitafuta, majibu yanatolewa kwenye faharasa hiyo na kupangwa kwa nafasi. Ukurasa ambao haukuingia kwenye faharasa hauwezi kutokea, hata uwe umeandikwa vizuri kiasi gani. Na toleo linalosomwa ni lile la simu: Google ilitangaza Oktoba 2023 kwamba imemaliza kuhamia kwenye utaratibu huo. Ule ukurasa wa mbele wenye picha tano kubwa za meli zinazobadilishana, ambao mwenye kampuni anaupenda sana, ndio unaofanya tovuti ichelewe kufunguka kwa mtu mwenye bando dogo. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kitu kinacholeta mteja ni ukurasa mmoja unaojibu swali moja kikamilifu. Kwa mfano wetu, uwe na kichwa kisichozunguka: "Kusafirisha kontena kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi: njia, nyaraka na gharama". Ndani yake itajwe njia halisi, kwamba lori linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka Tunduma kuingia Nakonde upande wa Zambia, kisha linaingia Kongo kupitia Kasumbalesa. Zitajwe nyaraka ambazo mteja anatakiwa kuzituma kabla meli haijafika: BL (bill of lading, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli), ankara ya muuzaji, orodha ya vilivyofungashwa. Halafu gharama zigawanywe kwa anayezidai. Hapa ndipo wateja wapya huumia, kwa sababu tozo ya kuhifadhi mzigo inadaiwa na bandari, na demareji inadaiwa na kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena lake. Mtu anaweza kudaiwa zote mbili kwa siku hizohizo. Wakala anayelieleza jambo hili mapema, kwenye ukurasa ulio wazi, ameshamwonyesha mteja kuwa anaijua kazi kabla hata ya kusalimiana naye.

Mawakala wengi wanakataa kuandika bei, eti washindani wataona. Washindani wanazijua tayari. Huna haja ya kutaja bei kamili. Taja vinavyoipandisha na vinavyoishusha, na useme unahitaji taarifa gani ili utoe makadirio. Mtu akishasoma hivyo, ujumbe anaoutuma unakuja na uzito wa mzigo, aina yake na tarehe ya meli, badala ya ule wa "habari, bei gani?"

Ukurasa kama huo unataka kutunzwa. Mkataba wa kampuni ya TICTS wa kuendesha kitengo cha makontena bandarini Dar ulikoma mwishoni mwa 2022, na Oktoba 2023 serikali ilisaini na DP World mkataba wa kuendesha sehemu nyingine ya bandari hiyo. Tovuti inayoendelea kumwelekeza mteja kwa TICTS inamwambia, bila kukusudia, kwamba ofisi hiyo imelala.

Sehemu nyingine ya kazi hii ni viungo. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, waliijenga Google juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni kura ya imani, na kampuni ikaanzishwa 1998. Haikuchukua muda watu wakaanza kununua kura. Google ikajibu, hasa kwa mabadiliko ya Aprili 2012 yaliyoitwa Penguin, yaliyoshusha tovuti zenye viungo vya kununua. Na ujanja wa kuidanganya roboti haujali ukubwa wa jina: Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo kwa kutumia kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya roboti, huku mtu akibofya anapelekwa ukurasa mwingine. Kwa wakala wetu wa Dar, kutajwa na chama cha mawakala au na msafirishaji anayeshirikiana naye Lusaka kuna maana kuliko viungo mia vya kununua kutoka tovuti za kamari.

Tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo watu hudanganywa. Search Console, chombo cha bure cha Google, kinaonyesha maneno ambayo watu waliyaandika, mara ngapi tovuti yako ilionekana, mara ngapi ilibofywa na wastani wa nafasi yake. Mtoa huduma mvivu atakuletea grafu inayopanda. Muulize inapanda kwa maneno gani. Ukurasa wa "maana ya bill of lading" unaweza kuleta wasomaji wengi kila mwezi, na karibu wote wakawa wanafunzi wanaofanya kazi ya darasani. Ni jambo jema kuwasaidia, lakini hawana kontena. Ukurasa wa Lubumbashi unaweza kubofywa mara chache sana, na mbofyo mmoja ukawa ni kampuni ya migodi inayoleta mzigo kila mwezi. Kwa biashara za namna hii idadi ndogo haitishi. Kinachotisha ni idadi kubwa isiyopiga simu.

Ili ujue ujumbe umetoka ukurasa gani, ipo njia rahisi ambayo wengi hawaitumii. Kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti hutengenezwa kwa kiungo kinachoanza na wa.me kikifuatiwa na namba kamili ya kimataifa, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, na kinaruhusu kuweka sentensi ya kuanzia. Kwenye ukurasa wa Lubumbashi weka "Naulizia kontena la kwenda Lubumbashi", kwenye ule wa Kigali weka "Naulizia mzigo wa kupitia Rusumo". Ujumbe ukiingia unajua umetoka wapi, na hukulipia programu yoyote. Yule anayeshika simu ya ofisi aandike kwenye daftari au jedwali: tarehe, ukurasa, mzigo, na mwisho wake ulikuwaje. Bila safu hiyo ya mwisho, hakuna anayeweza kusema kama SEO imelipa.

Na simu ijibiwe. Nafasi ya kwanza Google haina faida kama ujumbe wa saa nne asubuhi unajibiwa kesho yake jioni, kwa sababu aliyetuma alishawaandikia mawakala wengine watatu waliokuwa chini yako kwenye orodha ileile.

Fomu nayo iwe fupi, na isiombe visivyohitajika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi hata kama aliiacha kwa niaba ya kampuni yake. Mwambie unaichukua kwa sababu gani, na usimwuzie mwingine.

Wapo wateja ambao SEO haiwaleti. Taasisi za serikali ya Tanzania hununua kupitia mfumo wa NeST ulioanza 2023, kwa hiyo anayelenga zabuni ajisajili huko kwanza. Anayehitaji kazi wiki hii naye alipie tangazo, maana mwaka 2017 Google wenyewe walieleza kuwa mara nyingi SEO huchukua kati ya miezi minne na mwaka mpaka faida ianze kuonekana. Wanasema pia kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Anayekuhakikishia, mwache aende zake.

Tangu Mei 2024, Google ilipoanza Marekani kuweka majibu ya akili mnemba (AI) juu ya matokeo, kurasa za maelezo ya jumla ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa kuwa msomaji anapata jibu bila kubofya. Kwangu hilo ni sababu nyingine ya kuandika yale ya Tunduma na Kasumbalesa. Akili mnemba inaweza kueleza demareji ni nini, lakini haiwezi kulitoa kontena bandarini, na mwenye mzigo atahitaji namba ya mtu.

Mwisho ni umiliki. Baadhi ya wataalamu hujenga tovuti yao wenyewe, wakaipandisha Google, kisha wakawauzia kampuni wateja watarajiwa mmoja mmoja au kwa mwezi. Ni biashara halali, ila ujue kwamba siku ukiacha kulipa, tovuti inabaki kwao na simu zinahamia kwa mshindani wako. Ukitaka mali iwe yako, mkataba useme hivyo: jina la kikoa linaloishia .co.tz lisajiliwe kwa jina la kampuni, Search Console ifunguliwe kwa baruapepe ya ofisi, na mtaalamu apewe ruhusa ya kuingia inayoweza kuondolewa siku mkataba unapokwisha.