Jaipal Singh Munda hakucheza fainali ya 1928
Kila inapotajwa medali ya kwanza ya dhahabu ya India katika mpira wa magongo wa Olimpiki, husimuliwa kwamba nahodha Jaipal Singh Munda aliiongoza timu hadi dakika ya mwisho kule Amsterdam. Sivyo. Nahodha alikuwa yeye kweli, ila aliondoka kikosini kabla ya fainali. India iliifunga Uholanzi 3-0 yeye hayupo uwanjani.

Hilo halimpunguzii kitu. Naona hata linamtendea haki, maana sifa za mpira wa magongo zimeifunika kazi yake kubwa zaidi. Huyu ni Mmunda, mtu wa moja ya makabila asilia ya India, wa kijiji cha Takra, karibu na Khunti, aliyefika hadi Oxford. Mwaka 1939 alishika uongozi wa Adivasi Mahasabha, umoja wa makabila asilia. Desemba 1946, Bunge la Katiba likijadili azimio la Jawaharlal Nehru kuhusu malengo ya katiba, alisimama akatamka kwamba anajivunia kuitwa mtu wa msituni, na kwamba watu wake hawafundishwi demokrasia. Wengine ndio wajifunze kwao.

Alidai jimbo la Jharkhand, kwao mashariki mwa India, kwa miaka mingi. Alifariki 1970. Jimbo likazaliwa tarehe 15 Novemba 2000.