Nani Aliyeanza? Jinsi Vita vya Avengers na X-Men Vilivyojengwa

Kila Jumamosi asubuhi huketi na vijana kumi na wawili katika chumba kimoja cha Sinza, tukisoma vitabu vya katuni na kuchora. Uchoraji wa katuni ndio kazi inayonilisha, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuchunguza jambo moja: namna msimulizi anavyoweza kugombanisha watu wema bila kumgeuza yeyote kati yao kuwa mwovu. Kwa majuma kadhaa sasa tumekuwa tukisoma hadithi ya kampuni ya Marvel ya mwaka 2012, ambamo makundi mawili ya mashujaa, Avengers na X-Men, yanapigana katika matoleo 12. Swali lililozuka siku ya kwanza bado halijatuachia: nani aliyeanza?

Swali hilo linaonekana jepesi kwa kuwa jibu limechorwa. Katika toleo la kwanza, Captain America, kiongozi wa Avengers, anafika Utopia, kisiwa kilicho karibu na San Francisco ambako X-Men walikuwa wakiishi, akimtaka Cyclops, kiongozi wa X-Men, amkabidhi msichana aitwaye Hope. Cyclops anakataa, maneno yanakuwa makali, kisha mwale mwekundu unatoka machoni pake na kumtupa Captain mbali. Kwa hiyo aliyepiga kwanza anajulikana. Lakini mara tu baada ya pigo hilo, meli kubwa ya angani iliyokuwa imefichwa isionekane inajitokeza juu ya kisiwa, nayo imejaa Avengers waliokwisha kujiandaa kwa vita. Captain alibisha hodi huku jeshi likiwa limejibanza nyuma ya ukuta. Katika nyumba zetu, anayekwenda kwa watu kwa jambo zito linalohusu mtoto wao hutanguliza wazee, huketi, hunywa maji aliyopewa, ndipo hufungua kinywa. Vijana wangu waliliona kosa hilo kabla sijasema lolote.

Niliwapa zoezi la kuchora upya tukio hilohilo kwa visanduku sita vya picha, bila kuongeza neno hata moja. Mmoja wao alihamisha meli kutoka kisanduku cha mwisho hadi cha pili, ikionekana kama kivuli tu juu ya mawingu, na mwale wa Cyclops akauacha palepale ulipokuwa. Hukumu ya chumba kizima ikageuka. Pigo lililokuwa uchokozi likawa kujihami. Hapo ndipo nilipopata njia ya kuwaeleza kwamba katika katuni lawama hugawanywa na mpangilio wa visanduku, na kwamba waandishi wa hadithi hii, waliokuwa watano, walichagua kwa makusudi msomaji aone ngumi kwanza na jeshi baadaye, ili ahukumu haraka halafu alazimike kujirekebisha.

Hata hivyo, mpangilio wa visanduku peke yake usingetosha kama kila upande haungekuwa na hofu yake ya kweli, yenye mizizi katika historia yake. Matoleo ya kwanza ya makundi haya mawili yalitoka pamoja, yakiwa na tarehe ya Septemba 1963, na yote mawili yalitungwa na Stan Lee na Jack Kirby. Tangu mwanzo, Avengers walikuwa mashujaa wanaoheshimiwa na serikali na umma, ilhali X-Men walikuwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zao, wakiwalinda watu walewale waliowachukia. Mwaka 2005 mchawi Wanda, ambaye aliwahi kuwa mwanachama wa Avengers, alitamka maneno yaliyowaondolea nguvu karibu mutanti wote duniani, nao waliokuwa mamilioni wakabaki mia chache. Miaka miwili baadaye akazaliwa Hope, mtoto wa kwanza mutanti tangu balaa hilo. Sasa ile nguvu ya anga iitwayo Phoenix inakuja duniani, na kila dalili inaonyesha kwamba inamfuata yeye.

Captain anakumbuka mwaka 1980, ambapo katika hadithi Phoenix ilimtumia Jean Grey, mmoja wa X-Men, kuizima nyota na kuua viumbe bilioni tano wa sayari moja, na Jean mwenyewe akafa muda mfupi baadaye. Ni halali yake kuogopa. Cyclops naye, aliyempenda Jean na kumzika, anaona katika nguvu hiyohiyo nafasi pekee ya jamii yake kuzaliwa upya, na anaona kwamba wanaokuja kumchukua mtoto ni kundi lilelile alikotoka mtu aliyeifuta jamii hiyo. Ni halali yake kukataa. Wote wawili wanasema kweli, na kweli zao haziwezi kutekelezwa kwa pamoja.

Baadhi ya vijana huniambia kwamba hii ni Simba na Yanga. Ninaelewa kwa nini wanasema hivyo, kwani mtu aliyekulia Dar es Salaam hujifunza upinzani kupitia Kariakoo kabla hajajifunza kusoma, lakini mfano huo unatupotosha. Watani wa jadi wanahitajiana. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimekua zikitazamana, mechi ina mwamuzi na dakika tisini, na baada yake ndugu wa timu mbili hurudi kula sahani moja. Avengers na X-Men hawakuundwa ili washindane. Ni majirani walioishi vizuri kwa muda mrefu kwa sababu hawakuwahi kuulizana swali gumu, na swali lilipofika halikuwa na mwamuzi. Wolverine, aliyekuwa mwanachama wa makundi yote mawili, alisimama upande wa Captain, kwa kuwa mwaka uliotangulia alikwisha kutengana na Cyclops kuhusu kuwaingiza watoto vitani.

Katikati ya hadithi panatokea mgeuko ninaouona kuwa wa thamani kuliko yote. Silaha ya Iron Man, mmoja wa Avengers, iliyokusudiwa kuizuia Phoenix ikiwa mwezini, inaivunja vipande, na nguvu yake inaingia ndani ya X-Men watano: Cyclops, Emma Frost, Namor, Colossus na Magik. Kundi lililoonewa sasa ndilo lenye mamlaka kuliko wote. Mwanzoni wanalisha wenye njaa na kuamuru vita vikome, na msomaji mwaminifu atakiri kwamba alifurahi. Kisha Namor, akiwafuata Avengers waliojificha Wakanda, anaiinua bahari na kuigharikisha nchi hiyo ya kubuni ya Kiafrika ambayo haikuwa imemkosea mtu.

Gharika hiyo ndiyo inayonifanya niifundishe hadithi hii hapa na si nyingine. Malkia wa Wakanda alikuwa Storm, ambaye mama yake katika hadithi ni Mkenya, na ambaye alikuwa ameolewa na mfalme T'Challa mwaka 2006. Storm aliwahi kuwa kiongozi wa X-Men, na vita vilipoanza alikuwa pia mwanachama wa Avengers. Alipolazimika kuchagua, aliondoka Avengers na kwenda kwa watu aliokua nao. Baada ya maji kuingia Wakanda, anarudi kutoa msaada, na T'Challa anamwambia kwamba ndoa yao imebatilishwa na kuhani mkuu. Kuhani mkuu ni T'Challa mwenyewe. Hakuna ngumi katika ukurasa huo, wala mwale, wala kelele, na bado ndilo pigo zito kuliko yote katika matoleo 12, kwa sababu linampata mtu ambaye nyumba zote mbili zilikuwa zake.

Nina malalamiko hapa, nami nayasema kwa uchungu wa mtu anayeipenda kazi hii. Wachapishaji walitoa pia mfululizo wa pembeni, wa matoleo sita, uliojaa mapigano ya watu wawiliwawili, na pigano la Storm na mumewe liliwekwa humo. Pigano la mke na mume lililotengwa na sababu yake linakuwa mchezo wa kutazama nani ana nguvu zaidi, na uzito wote uliokusanywa kwa uangalifu katika kitabu kikuu unapungua. Hadithi nyingine ya Marvel ya mashujaa kugombana wenyewe kwa wenyewe, Civil War ya 2006 na 2007, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven, haikufanya kosa hilo mwishoni: Captain yuko karibu kushinda pale watu wa kawaida, wakiwemo wazimamoto na polisi, wanapomkamata mikono, naye anautazama mji ulioharibika na kujisalimisha.

Nilipowaomba vijana wachore Wakanda baada ya gharika, wengi walichora minara iliyovunjika. Binti mmoja anayeishi Kigogo, karibu na Bonde la Msimbazi, alichora ukuta wa nyumba wenye mstari wa tope usawa wa dirisha, godoro limeanikwa juu ya paa, na mwanamke anayesuuza sufuria moja. Sikumsahihisha kitu.

Katika toleo la mwisho, baada ya Cyclops kumuua Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men aliyemlea, Hope na Wanda wanashirikiana kuimaliza Phoenix, na mutanti wapya wanaanza kujitokeza duniani kote. Captain anamtembelea Cyclops gerezani. Cyclops anataka kujua kama mutanti wamerudi, na anaposikia kwamba wamerudi, anatulia katika imani kwamba alikuwa sahihi. Tuliposoma ukurasa huo, vijana saba walisema kwamba Captain ndiye aliyeanza, na watano wakasema ni Cyclops. Yule aliyekuwa ameihamisha meli hadi kisanduku cha pili alikuwa miongoni mwa wale watano.