Dawa ya kichocho Ziwa Albert: andikisheni majina, kuleni kwanza, kisha mmeze

Kila zoezi la kugawa dawa ya kichocho linapokaribia kwenye wilaya za Uganda zilizo kando ya Ziwa Albert, ofisi ya afya hupokea maswali yale yale. Safari hii na malalamiko yamezidi. Kuna wanaosema hawakupewa dawa mara iliyopita, na kuna waliopewa wakaitema mgongo wa mgawaji ulipogeuka. Nawaandikia wote, na hasa watu wa mialoni ya wavuvi kuanzia Buliisa hadi Ntoroko pamoja na wakimbizi wa Kyangwali. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya mtumbwini: Waalur, Wagegere, Wanyoro na Wakongomani wanavuta wavu mmoja na kuelewana kwayo.

Tuanze na jina lenyewe, maana linapotosha. Mtu ananiambia, "Mimi sikojoi damu, basi kichocho sina." Kichocho cha kukojoa damu kipo Uganda, lakini kiko Lango, upande wa Ziwa Kwania. Hiki cha Albert ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kutaga humo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husukumwa na damu mpaka kwenye ini yakakwama. Mtu anaweza kwenda hivyo miaka kumi, anavua, anabeba mizigo, anaoa. Ini linakakamaa polepole, damu inakosa pa kupita, tumbo linajaa maji, na siku moja anatapika damu.

Kijana mmoja aliletwa kituoni kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake, beseni mapajani. Hakuwa amefika miaka thelathini. Walikuwa wametoka kwa mganga, siku mbili nzima, kwa sababu ukoo uliamini amerogwa na mshirika wake wa nyavu. Sitaki kuwadharau waliomlilia. Lakini hakuna aliyemroga. Alikuwa na kichocho tangu utotoni, na katika daftari la kijiji chake jina lake halikuwemo hata mwaka mmoja.

Hapo kwenye daftari ndipo penye tatizo.

Watu wengi wanadhani dawa inakuja kwenye boksi na mwenye bahati anapata. Sivyo. Kabla ya kugawa, mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, hupita nyumba kwa nyumba na kuandika jina, umri na jinsia ya kila mtu. Hesabu ya kijiji huenda parokia, ya parokia huenda gombolola, kisha wilaya, kisha Wizara ya Afya, na mahitaji ya vidonge hukadiriwa kwa idadi hiyo. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana kidonge kilichopangwa kwa ajili yake. Mabaharia, yaani wavuvi wa mtumbwini, wanaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. VHT anapita saa nne asubuhi, anakuta kibanda kimefungwa kwa ndani, mtu kalala. Anaandika mke na watoto, anaondoka. Basi anayeshinda majini kuliko wote ndiye anayebaki nje ya hesabu.

Kuna na sababu nyingine, nami nitaisema kwa uangalifu. Tangu 2017, jeshi lilipoanza doria za kuzuia uvuvi haramu, mtu mgeni mwenye daftari akionekana mwaloni vijana hutawanyika. Naelewa hofu hiyo. Ila daftari la VHT halina mahali pa kuandika nyavu wala mtumbwi wala leseni, na hakuna anayeuliza kitambulisho cha taifa au karatasi ya ukimbizi. Mkongomani aliyevuka wiki iliyopita aandikwe. Konokono wa ziwani hawaangalii pasipoti.

Siku ya kugawa utasimamishwa mbele ya fimbo yenye alama. Fimbo hiyo hupima urefu, na urefu husimama badala ya mizani. Sentimita 94 hadi 110, kidonge 1. Mpaka 125, kimoja na nusu. Mpaka 138, 2. Mpaka 150, viwili na nusu. Mpaka 160, 3. Mpaka 178, 4. Aliyezidi hapo, 5. Kwa hiyo jirani akipewa vitano nawe vitatu, hajapendelewa. Wala usiombe vya kumpelekea mume aliyelala. Mwenyewe aje apimwe na ameze mbele ya mgawaji. Mtoto asiyefika alama ya kwanza hapewi vidonge hivi kwa fimbo. Mpeleke kituo cha afya, kwani Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri tiba ianzie miaka 2, na vidonge vya watoto wadogo zaidi sasa vimeshatengenezwa. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza anaweza kumeza, na anayenyonyesha pia. Mwenye kifafa aseme kabla.

Sasa kuhusu kutapika. Ndiyo, dawa hii inaweza kukufanya utapike, uumwe tumbo, usikie kizunguzungu. Mwenye minyoo mingi huumia zaidi, kwa kuwa inakufa mingi kwa pamoja. Na anayemeza njaa huumia kupita wote. Mvuvi aliyekesha ziwani, hajatia kitu tumboni tangu jana, akimeza vidonge vinne atalala chini kwenye mchanga na mwalo mzima utasema serikali imemtilia sumu. Nimeliona hili kwa macho yangu, na foleni ya watu karibu mia ikayeyuka kwa dakika chache. Kule wanawake walipomtangulizia kila mmoja kikombe cha uji na kipande cha muhogo, foleni haikuvunjika. Sisi wagawaji tuna kosa letu hapo: tumekuwa tukifika mikono mitupu na kuhubiri. Kula kwanza. Shibe, kisha dawa.

Dawa haizuii uzazi. Nimejibu swali hili mara nyingi mno na nitaendelea kulijibu, lakini naomba basi wanaolisambaza waangalie watoto waliozaliwa Pakwach tangu mpango wa taifa uzinduliwe huko 2003. Vilevile haiuzwi. Vidonge ni msaada wa kampuni ya Merck kupitia Shirika la Afya Duniani. Anayekudai hata shilingi mia tano, mripoti kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na asiposikia, nenda gombolola au ofisi ya afya ya wilaya.

Na wanaouliza kwa nini wameze kila mwaka: dawa huua minyoo iliyokomaa, michanga hubaki, na haiachi kinga. Ukirudi majini unaambukizwa upya. Yai linatoka na choo cha binadamu, linaanguliwa majini, linaingia kwenye konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono anamwaga viluwiluwi vinavyotoboa ngozi kwa dakika chache tu. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile kina mama wanapoosha muziri, wale samaki wadogo wa ziwa hili, na watoto kuogelea. Maji ya kuogea yakichotwa yakakaa siku mbili kwenye pipa, bila konokono ndani, viluwiluwi vimekufa.

Najua vyoo vya mialoni vinabomoka. Mchanga haushiki, na ziwa lilipopanda 2020 vingine vilimezwa pamoja na nyumba. Shimo la mchangani lijengewe kwa matofali au mapipa, na palipo na maji karibu choo kiinuliwe juu ya ardhi. Familia tano zinaweza kuchangia kimoja. Lakini ufuo si choo. Kyangwali ilitufundisha 2018, kipindupindu kilipowapiga wakimbizi waliotoka Ituri, Kongo, na wenyeji wao, zaidi ya watu 2,000 wakaugua.

Sheria ya Afya ya Umma iko wazi. Afisa wa afya akikuta uchafu unaohatarisha watu, anatoa ilani ya maandishi kwa mwenye eneo, inayotaja kasoro, kazi ya kufanywa na muda wake. Muda ukiisha anarudi kukagua. Kazi isipofanyika, jambo linakwenda kwa hakimu, ambaye anaweza kutoza faini na kuamuru kasoro iondolewe, na mamlaka ikilazimika kuifanya kazi hiyo gharama hurudi kwa mhusika. Tunza ilani yako na uitikie ndani ya muda. Afisa akikuta umeanza kuchimba, kwa kawaida huongeza siku. Faini ya njia hii huamuliwa mahakamani na ina risiti. Anayetaka pesa mkononi pale mwaloni, mwambie aandike ilani.

Mabaharia, mwambieni mwenyekiti wa mwalo saa mnayotoka majini, ampe VHT. Ukiwa safarini siku ya zoezi, fika kituo cha afya kilicho karibu, taja kijiji chako, useme ulikosa dawa ya kichocho. Uwe umeshakula.