Kuzimu si Jehanamu, Wala si Jibu la Swali la Wafu

Mhubiri alisimama kando ya kaburi lililokuwa bado wazi, akawafariji wafiwa kwa kuwaambia kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu na kwa hiyo hakwenda kuzimu. Dakika chache baadaye alituongoza kukiri Imani ya Mitume, nasi sote, sauti yake ikiwa juu ya zetu, tukatamka kwamba Yesu Kristo alisulubiwa, akafa, akazikwa, akashuka kuzimu. Hakuna aliyegeuza shingo. Maneno yale mawili yalitoka katika kinywa kimoja, mbele ya jeneza moja, yakapita kama kwamba hayajuani.

Si mara ya kwanza kulisikia neno hili likitumiwa hivyo, ndiyo maana nimeona niandike. Kuzimu, kama neno hilo linavyotumika katika Biblia ya Kiswahili, ni makao au hali ya wafu kati ya kufa na kufufuliwa. Jehanamu ni adhabu inayofuata hukumu. Ama swali la kama walioko kuzimu wanajitambua, wanasikia na kukumbuka, au wamelala wasijue lolote, hilo ni swali la tatu, ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi, na neno kuzimu peke yake halilijibu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo linalochezewa zaidi. Kuzimu ni neno la Kibantu tupu. Ku- ni ya mahali, na -zimu ndiyo ile tunayoikuta katika mzimu na mizimu, na pia katika wazimu, hali ya mtu ambaye akili yake ilidhaniwa kutekwa na wasioonekana. Lugha jirani zinalo shina hilo hilo: Waganda husema muzimu, Washona husema mudzimu, na kwa Kinyarwanda huko chini waliko wafu huitwa ikuzimu. Kwa hiyo, kabla Mkristo yeyote hajalitumia, kuzimu palikuwa mahali pa mizimu, yaani pa wafu wote, wema kwa wabaya. Moto haukuwamo katika maana yake.

Wapo wahubiri, hasa wanaofundisha kwamba wafu hawajui kitu, wanaopenda kulitoa neno hili katika kitenzi kuzima: taa imezimika, basi mtu amezimika, na huko alikozimikia ndiko kuzimu. Mfano huo unapendeza masikioni. Hata hivyo, hata tukikubali kwamba -zima na -zimu ni ndugu wa mbali, mahubiri hayo yanajipinga yenyewe, kwa sababu mizimu ya wahenga haikuwa imezimika hata kidogo. Mizimu hukasirika, hutulizwa, hudai haki yake na hupelekewa habari za ukoo. Mtu akitaka kulifuata shina la neno mpaka mwisho, atafika mahali ambapo wafu wako macho kuliko walio hai, na sidhani kwamba huko ndiko mhubiri wa taa iliyozimika alikotaka kutufikisha. Asili ya neno hutuambia watu wa kale waliliwazia nini. Haiwezi kuwa ushahidi wa mambo yaliyoko baada ya kifo.

Wafasiri wa Biblia walilichukua neno hili ili libebe neno la Kiebrania Sheoli na la Kiyunani Hadesi. Sheoli ya Agano la Kale ni ya wote. Yakobo, alipoletewa ile kanzu yenye damu na kuamini kwamba Yusufu ameraruliwa na mnyama, alikataa kufarijiwa, akasema atamshukia mwanawe kuzimu akisikitika. Huyo ni baba wa makabila kumi na mawili, naye hakuwa akijitabiria moto, wala hakumfikiria Yusufu kuwa motoni. Alimaanisha kwamba angekufa na majonzi yake na kumfuata mwanawe waliko wafu. Wayahudi walioitafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani kabla ya Kristo walitumia Hadesi kwa Sheoli karibu kila mahali, na Agano Jipya likalipokea neno hilo.

Jehanamu lina safari nyingine kabisa. Mwanzo wake ni bonde halisi lililoko kusini mwa Yerusalemu, Bonde la Hinomu, ambako watu waliwapitisha watoto wao motoni kwa heshima ya mungu aliyeitwa Moleki, mpaka mfalme Yosia alipopatia unajisi mahali hapo, na Yeremia akatabiri kwamba litaitwa Bonde la Machinjo. Kiyunani kiliita Gehena, na Kiswahili kikalipata kupitia Kiarabu. (Ile simulizi inayorudiwa katika madarasa ya Biblia, kwamba bonde hilo lilikuwa jalala la mji lenye moto usiozimika mchana na usiku, hufuatiliwa hadi kwa David Kimhi, mfafanuzi Myahudi aliyeishi karibu na mwaka 1200. Kutoka zama za Yesu mwenyewe ushahidi wa jalala hilo haujapatikana, nami ningependa walimu walitaje kwa tahadhari zaidi.) Yesu anapozungumza juu ya yule awezaye kuangamiza mwili na roho pia, mwili umo katika sentensi, maana hapo ni habari ya baada ya ufufuo, na neno alilotumia ni Gehena.

Basi mchanganyiko umetoka wapi, ikiwa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imeyatenga maneno haya mawili kwa uangalifu? Nadhani sehemu kubwa imetoka katika Kiingereza. Biblia ya King James ya mwaka 1611 iliitafsiri Sheoli kwa neno la jehanamu mara 31, kwa kaburi mara 31, na kwa shimo mara 3, na katika Agano Jipya ikatumia neno lile lile la jehanamu kwa Hadesi na kwa Gehena pia. Wahubiri wetu wengi husoma vitabu vilivyoandikwa juu ya msingi huo, kisha husimama na Biblia ya Kiswahili mkononi na kuingiza ndani yake mkanganyiko ambao Biblia hiyo haikuwa nao.

Anayetaka kuona tofauti kwa macho yake na asome Ufunuo 20. Bahari inawatoa wafu waliomo ndani yake, Mauti na Kuzimu zinawatoa wafu waliomo ndani yake, wanahukumiwa, ndipo Mauti na Kuzimu zenyewe zinatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu ndilo ziwa la moto, ziwa limetupwa ndani ya ziwa. Kuzimu katika sura hiyo ni kama mahabusu inayomwagwa siku ya kesi na kubomolewa baada ya hukumu.

Sura hiyo hiyo inatosha pia kwa wale wanaozungumzia falme za kuzimu na mawakala wa kuzimu, kana kwamba huko ndiko zilipo ofisi za Shetani. Hakuna andiko linalomtawaza Shetani kuzimu. Mwisho wake ni kutupwa katika ziwa la moto kama mhukumiwa mwingine. Na ile milango ya kuzimu isiyoweza kulishinda kanisa ni msemo wa kale wa kifo: Hezekia, akiwa mgonjwa wa kufa, alilia kwamba anaingia katika malango ya kuzimu, naye hakuwa akizungumzia mapepo.

Sasa ndilo swali la wafu kujitambua. Wanaosema wafu hawajui lolote wana Mhubiri 9, panaposema kwamba wafu hawajui neno lolote na kwamba huko kuzimu hakuna kazi wala shauri wala maarifa. Wana Zaburi ya 6, inayouliza ni nani atakayemshukuru Mungu kuzimu. Na wana kauli ya Yesu mwenyewe kwamba Lazaro amelala. Wanaosema wafu wanajitambua wana roho zinazolia chini ya madhabahu katika Ufunuo 6, wana Paulo anayetamani kwenda zake akae na Kristo, na wana yule tajiri wa Luka 16. Andiko hili la mwisho linastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndilo linalotumiwa kuthibitisha kwamba kuzimu ni jehanamu. Tajiri yuko katika mateso, ni kweli, lakini ndugu zake watano wangali hai nyumbani kwa baba yake na anaomba wapelekewe onyo. Hukumu ya mwisho haijafika. Neno lililotumika ni Hadesi. Ukilisoma kama habari halisi, linakufundisha kuwa kuna kujitambua kabla ya hukumu. Ukilisoma kama mfano tu, kama wanavyofanya wa upande wa pili, halikufundishi jiografia yoyote. Kwa vyovyote vile, jehanamu haimo.

Hata Luka 23:43, ambapo Yesu anamwahidi pepo mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye, si nyepesi kama inavyoonekana kwetu. Hati za kale za Kiyunani hazikuwa na alama za mkato za kututenganishia maneno, kwa hiyo Waadventista Wasabato na Mashahidi wa Yehova husoma kwamba Yesu alimwambia mhalifu leo kuwa atakuwa peponi, siku fulani ijayo. Mfasiri wetu aliandika "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na kwa kale kaneno "hivi" akaufunga mlango. Naona alichagua vema, lakini msomaji ajue kwamba alichagua.

Kuna kosa jingine hapa, nalo ni kuwatupia wote wasemao kwamba wafu hawajui lolote jina la "usingizi wa roho". Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, mara nyingi alikifananisha kifo na usingizi, na kwake ipo roho ya kulala. Waadventista hawasemi hivyo: kwao mtu mzima ni nafsi hai, pumzi ikitoka hapabaki kitu cha kulala, na usingizi ni tamathali ya usemi tu. Aidha, imani hiyo si sawa na ile ya waovu kuangamizwa kabisa, ambayo ni habari ya baada ya hukumu. Hata wasomi wamejikwaa hapa. John Calvin, mwanamatengenezo mwenzake Luther, alipoandika dhidi ya usingizi wa roho, kitabu kilichochapishwa mwaka 1542, alikiita Psychopannychia, kutokana na neno la Kiyunani la mkesha wa usiku kucha. Alikusudia kusema kwamba roho inakesha. Baadaye watu wakalichukua jina hilo na kuwapachika wale wale aliokuwa akiwapinga.

Wala si kila aliyesema kwamba wafu wanangoja alisema kwamba wamelala. Papa Yohane XXII alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Zilikuwa macho, ila zimengojeshwa. Akayaacha mafundisho hayo kabla ya kufa mwaka 1334, na mrithi wake Benedikto XII akaamua kinyume chake mwaka 1336.

Turudi kaburini. Mhubiri yule hakuwa na nia ya kuwapotosha wafiwa, wala sikuona sababu ya kumkatiza. Kama angesema kwamba marehemu hatakwenda jehanamu, tungeitikia amina, na ile Imani ya Mitume iliyofuata isingekuwa na ugomvi na faraja yake. Kuhusu kuzimu, angeweza kuwaambia tu kwamba Yakobo alitazamia kwenda huko, na kwamba Kristo naye alishuka huko wala hakuachwa humo.