Kijiji kinachoendelea wewe ukiwa umelala

Kazi yangu ni seva, zile kompyuta zinazotunza data za mtandaoni, kwa hiyo nikishika gemu ya mtandaoni swali langu la kwanza ni hili: nini kipo kwenye simu yangu, na nini kipo kule kwa wenye gemu?

Chukua Clash of Clans, gemu ya kampuni ya Supercell ya Helsinki, Ufini, iliyotoka mwaka 2012. Simu inakuonesha picha. Kijiji chenyewe kinatunzwa kwenye seva. Ndiyo maana kupeleka mbele saa ya simu hakuharakishi ujenzi. Inayohesabiwa ni saa ya kwao, na majengo ya ngazi za juu huchukua siku kadhaa. Ukizima simu mafundi wanaendelea na kazi, na wezi, yaani wachezaji wengine, pia. Kwa miaka mingi, ukiwa ndani hakukuwa na wa kukuvamia. Ukitoka bila ngao, yaani kinga ya muda dhidi ya uvamizi, mlango ulikuwa wazi. Kisha arifa iliingia: umevamiwa. Ulifungua, ukaoneshwa uvamizi wote ulivyokwenda, na pembeni kulikuwa na kitufe cha kulipiza kisasi. Hata mpole hupandwa na mori.

Wengi hudhani kinachomrudisha mchezaji ni zawadi za kila siku. Mimi nazidharau. Hata vitisho huzoeleka: FarmVille, gemu ya kilimo ya mwaka 2009, ilikunyaushia mazao usipovuna kwa wakati, na wapo waliochoka wakayaacha yanyauke.

Kinachofunga ni watu. Ndani ya Clash of Clans wachezaji hujiunga kwenye makundi yaitwayo koo, na ukoo mmoja huchukua wachezaji hadi 50. Unaomba askari kwenye gumzo, na mtu usiyemjua hata sura anakupa wake. Gemu inaandika hadharani nani ametoa wangapi na kupokea wangapi. Mwaka 2014 vikaongezwa vita vya koo: siku moja ya maandalizi, siku moja ya mapigano, kila mmoja mashambulizi mawili. Usipoyatumia, ukoo mzima unaona. Kwangu mimi fundi, hilo ni jedwali dogo tu kwenye hifadhidata. Kwa mchezaji ni sawa na kukwepa zamu yake ya upatu.

Nimewahi kutegesha simu iniamshe saa tisa usiku ili nishambulie kabla vita havijafungwa. Nilijitetea kwamba bando la usiku ni rahisi.

Siku nilipoamua kuacha sikuanza kwa kufuta gemu. Nilianza kwa kuwaaga wenzangu kwenye gumzo, na hapo ndipo nilipochelewa wiki mbili.