Freni za mbele zinakwaruza? Usikimbilie plaketi

"Plaketi zimekwisha, fundi, weka mpya niende." Maneno haya husikika kila siku katika magaraji ya Goma, na mwenye kuyasema hurudi baada ya miezi michache na kelele ileile. Plaketi, vile vibao viwili vinavyobana diski inayozunguka na gurudumu, haikulika hadi chuma bila sababu. Tafuta sababu kwanza.

Toa gurudumu, chomoa plaketi zote mbili, zilinganishe. Mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kusugua; ikibaki 3, ibadilishwe. Sasa angalia: ya ndani imebaki bati tupu, ya nje bado ina 6? Hapo etriye, kile chuma kinachoshika plaketi, haitelezi, au pistoni inayozisukuma hairudi. Ukiweka plaketi mpya juu ya ugonjwa huo, ya ndani italika vilevile.

Anza na pini za etriye. Zinapaswa kuteleza kwa kusukumwa na kidole. Mpira unaofunika pini ukipasuka, mavumbi meusi ya barabara ya Sake huingia pamoja na maji, pini inashika kutu. Isafishe, weka mpira mpya, paka kidogo girisi ya silikoni inayostahimili joto. Kidogo! Na si ile ya rulema (beringi ya gurudumu): hiyo huvimbisha mpira, pini inakwama upya.

Kisha rudisha pistoni polepole kwa kibanio. Ikigoma, fungua skrubu ya kutolea hewa. Ikirudi kirahisi sasa, mpira wa freni, ule unaopeleka mafuta kwenye etriye, umeziba ndani. Ikigoma bado, ni pistoni yenyewe.

Diski nayo ipimwe, kwa sababu unene wa mwisho kwa kawaida umeandikwa juu yake. Pima pale plaketi inaposugua. Ukingo wa nje hauliki, ukipima pale utajidanganya.

"Ni mawe ya volkano tu." Mara nyingine ni kweli: kijiwe kimekwama kati ya diski na bati la nyuma yake, na kinakwaruza hata usipokanyaga freni. Kitoe, nyoosha bati. Lakini kelele inayotoka ukikanyaga tu haitoki kwenye kijiwe hicho.

Kukwaruza asubuhi baada ya mvua ni kutu nyepesi ya diski. Ukishika freni mara chache inaondoka. Mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika kwenye kona, tazama rulema. Na wanaopaka oili kwenye plaketi: kelele itaisha, freni nazo zitaisha. Plaketi iliyolowa mafuta hutupwa.

"Bado inashika, ngoja mwezi uishe." Chuma juu ya chuma hukata diski, na kadiri plaketi na diski zinavyopungua, pistoni inazidi kutoka nje, hadi mpira wake uachie na mafuta ya freni yamwagike. Kwa mteremko wa Bukavu, gari la namna hiyo lisiondoke garaji. Likishatengenezwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ndipo uwashe.