Je, wajua robo, theluthi na nusu zinaweza kuwa vipande vilivyo sawa?

Mama ana kilo 12 za unga. Theluthi ya unga huo anapikia maandazi, kisha robo ya unga uliobaki anapikia chapati. Umebaki unga kiasi gani?

Nilipokutana na fumbo la namna hii shuleni, niliona "theluthi", nikaona "robo", nikakimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili. Ya 3 na 4 ni 12. 4/12 kujumlisha 3/12 ni 7/12. Basi zimetumika kilo 7, zimebaki 5. Kujumlisha kwangu hakukuwa na kasoro. Jibu ndilo lililokosewa, kwa maana zimebaki kilo 6.

Theluthi ya 12 ni kilo 4, zikabaki 8. Robo inayofuata ni ya hizo 8, yaani kilo 2. Mimi niliihesabu kwenye unga wote, pamoja na ule uliokwisha kuwa maandazi. Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtoto akikosa swali hili mara nyingi huambiwa akafanye tena mazoezi ya kujumlisha sehemu, jambo ambalo huenda analijua vizuri. Alichokiruka ni neno moja: "uliobaki". Kiswahili kimefunga habari yote ndani ya kitenzi hicho kimoja, na jicho linalotafuta namba hulipita bila kusimama.

Robo ni namba, ndiyo, na ina mahali pake kati ya 0 na 1. Lakini kwenye fumbo haiji peke yake, huja na mwenyewe: robo ya nini? Mwenyewe akibadilika, robo nayo hubadilika.

Chukua mkate wa kumimina na watu wanne. Wa kwanza anakata robo ya mkate. Wa pili anakata theluthi ya uliobaki. Wa tatu anachukua nusu ya uliobaki, na wa nne anachukua wote uliosalia. Kwa kusikia tu, wa kwanza anaonekana kupunjwa na wa nne kupendelewa. Sasa ukate mkate huo vipande 12. Wa kwanza kachukua 3, vikabaki 9. Theluthi ya 9 ni 3, vikabaki 6. Nusu ya 6 ni 3, na wa nne kabakiwa na 3. Wote wamepata sawasawa! Jina la kipande lilikua kila mara kwa kuwa mkate ulikuwa unapungua, ila kipande chenyewe hakikuongezeka hata chembe.

Njia ya mkato ni kuzidisha vilivyobaki badala ya kujumlisha vilivyotumika. Kwenye unga wa mama, baada ya maandazi imebaki 2/3, na baada ya chapati imebaki 3/4 ya hiyo: 2/3 × 3/4 = 1/2, nusu ya kilo 12. Na kwa kuwa kuzidisha hakujali kipi kimetangulia, angeanza na robo kwa chapati, kisha theluthi ya uliobaki kwa maandazi, bado angebakiwa na kilo zile zile 6.

Dukani jambo hili hugusa mfuko. Gauni la shilingi 20,000 likipunguzwa robo linakuwa 15,000. Bei hiyo ikipandishwa robo hairudi 20,000, inafika 18,750 tu, kwa sababu robo ya pili ni ya 15,000. Ili irudi ilikotoka lazima ipande kwa theluthi.

Si kila mara, hata hivyo, sehemu inayotajwa ya pili huwa ya kilichobaki. Katika mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, thumni (1/8) ya mke na sudusi (1/6) ya mama wa marehemu zote mbili huhesabiwa kwenye mali nzima, baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wasia. Hapo KDS inafanya kazi yake: 3/24 na 4/24, jumla 7/24, na 17/24 zinabaki kwa warithi wengine.